Mwaka Nati Zilipolegea

Kutoka Voi hadi Bungoma kwa gari la moshi ilikuwa safari ya kumchosha hata mtu anayependa safari. Nilipanda daraja la tatu nikiwa na mfuko wa turubai na blanketi, nikashinda kutwa nzima kwenye stesheni ya Nairobi nikingoja gari la kwenda Malaba, na tulipoanza kupanda kuelekea Timboroa baridi iliniingia mifupani kama mgeni asiyebisha hodi. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, mwenye kuku ndani ya kikapu, alinigawia viazi vitamu vilivyopoa, kisha akaniuliza naenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu. "Sasa unaenda kufanya nini kama huendi kwa mtu?" akauliza, na nusu ya behewa ikanigeukia isikie jibu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, nimekata mkonge, nimepakia chumvi, na miguu ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa nimesikia kwamba magharibi mahindi yanavunwa na watu wanatakiwa, basi. Niliposhuka Bungoma asubuhi, nikiwa nimejaa moshi hadi masikioni, nilipita soko la njugu, nikafuata barabara ya vumbi bila kuchagua upande, hata nikafika kwenye uwanja wa nyumba moja ambapo mashine kubwa ya kupukuchua mahindi ilikuwa imefunguliwa vipande vipande na kutandazwa juu ya magunia. Kila kipande kilikuwa kinapakwa rangi ya bluu ya anga. Nikasimama kutazama. Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe, la kazi gani hiyo sijui, alinitazama na brashi mkononi.

"Wewe unaangalia ama unanunua?"

"Naangalia tu, mzee."

"Hiyo Kiswahili ya redio umetoa wapi?"

"Taita."

"Basi Mtaita, kama uko na macho ya kuangalia, shika hiyo msasa. Macho bila mkono ni ya kuku."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi na Fundi Makokha. Mwezi uliopita, nikiwa kwenye foleni ya malori ya mizani ya Mariakani, dereva mmoja wa Bungoma aliniambia kwamba mzee huyo amezikwa, na kwamba watu walikuwa wengi hata miwa ya jirani ikakanyagwa. Nilishukuru kwa habari, nikarudi kwenye lori langu, na foleni iliposogea nilichelewa kusogea hadi wa nyuma wakapiga honi. Nimefanya kazi na mafundi wengi tangu wakati ule, kwenye machimbo ya mawe, kwenye gereji, barabarani. Wapo waliomzidi ujuzi. Lakini kila ninaposhika spana, sauti ninayoisikia ni yake, na jambo alilolifanya mwaka ule sijaona mwingine akilifanya, ingawa nafasi ya kulifanya huja kwa kila mtu.

Hakuwa mtu mnyenyekevu. Nalisema hilo mapema kwa sababu marehemu husafishwa hadi wanakosa sura. Makokha alikuwa na majivuno ya jogoo. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha sukari ujana wake, na hakuna mlo uliopita bila sisi kusikia habari za mitambo ya huko, mikubwa kama makanisa. Alivaa shati jeupe kazini ili watu waone kwamba halichafuki. Chai yake ilitiwa kwenye kikombe cha udongo chenye kisahani, wakati sisi tulikunywa kwa vikombe vya bati, na alikula njugu moja moja kama anayezipima. Mashine ilikuwa ya Mama Naliaka, mjane wa kaka yake, mwanamke mnene mpole wa sauti lakini si wa maamuzi. Alimwita "mulamwa," yaani shemeji kwa lugha yao, naye alimwita vivyo hivyo, na kwa sababu ya undugu huo walitaniana mbele yetu bila aibu. "Mulamwa, ukizeeka nitakupaka rangi na wewe," Mama Naliaka alimwambia. "Nipake," akajibu, "lakini kwanza uniombe vizuri kama unavyoomba mashine."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Kabla ya msimu kila mashine ilivishwa nguo mpya. Wakulima waliichagua kwa rangi na jina lake, nao wenye mashine walijua hivyo: kulikuwa na nyekundu ya watu fulani, ya kijani ya wengine, na yetu ya bluu iliyoandikwa BIDII kwa herufi nyeupe. Rangi ikikauka pasta aliitwa, akaweka mkono juu ya ngoma, ile sehemu ya ndani inayozunguka na kutenganisha punje na magunzi, akaomba. Kisha kuku wakaliwa. Miaka ya nyuma Makokha alikuwa akipaka juu juu, mashine ikiwa imefungwa. Mwaka ule aliamua kufanya kama kiwandani, au kama alivyosema kiwandani walifanya. Tulifungua kila kitu. Tulipaka kila kipande mbele na nyuma, ndani na nje, rangi ya chini kwanza, halafu ya juu, halafu ya juu tena, nene hata ukiigusa kwa ukucha unaacha alama. Tulipoifunga, bolti ziliingia kwenye matundu zikisukuma rangi kando kama siagi. Mama Naliaka alizunguka mashine yake akiwa amekunja mikono kifuani. "Mulamwa," alisema, "hii sasa ni bibi arusi."

Nilipewa chumba kwenye banda la nyuma pamoja na dereva wa trekta, Ndiema, Msabaoti wa huko juu ya mlima Elgon kwenye njia ya Suam. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, mkeka, na dirisha lisilo na kioo lililozibwa kwa kipande cha gunia. Ndiema alinipa kitanda. Alisema mgongo wake umezoea kulala chini kwa sababu kwenye msimu yeye hulala chini ya mashine, kuilinda. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyatumia kama mtu anayepakia lori, kila moja mahali pake. Mwaka uliotangulia alikuwa ameendesha ile mashine nyekundu, wakakosana na mwenyewe, akaja kwetu. Hakuna aliyeliona kuwa jambo wakati huo.

Tulianza Bungoma, ambako mahindi hukauka mapema, tukizunguka boma hadi boma. Trekta lilisimama, mkanda mrefu ukazungusha ngoma, mimi nikasimama juu nikilisha mahindi, punje zikamwagika upande mmoja kama mvua ya mawe. Nakumbuka zaidi chakula. Kila boma lilitupikia, na kwa sahani ungejua tumefika kwa nani: ugali wa mtama na mboga ya mrenda kwa wazee, kuku kwa waliooa karibuni, chai ya maziwa kila mahali. Huko nati zilianza kulegea, lakini zile ndogo tu, za mabati ya pembeni. Makokha alizikaza huku akipiga mluzi. Kisha tukahamia Trans-Nzoia, ambako mashamba ni mapana na mahindi ni mazito, tukapanga chumba Tuwan pale Kitale kwa ajili ya siku za Jumapili, na siku nyingine tukalala mashambani. Huko ndiko nati kubwa zilipoanza, zile zinazoshika kwenye fremu beringi, kile chuma kinachobeba mhimili wa ngoma. Beringi ikicheza, ngoma inacheza. Ngoma ikicheza, inakula chuma badala ya mahindi.

Ilitokea vibaya kwenye shamba moja karibu na Moi's Bridge. Mwenye shamba alikuwa polisi mstaafu, tukamwita Afande, naye alipenda kuitwa hivyo. Mawingu yalikuwa yanakusanyika, mahindi yake yamelala uwanjani wazi, na ile mashine nyekundu ilikuwa shamba la pili, tunasikia inavyovuma. Karibu na saa sita, mashine yetu ikapiga kelele ya chuma na kusimama. Nati moja ya beringi ilikuwa imeanguka, nyingine imebaki kwenye ncha ya bolti. Makokha alizikaza tena kwa nguvu zake zote, akaongeza washa juu ya washa, vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya nati, kisha tukaenda kula chini ya ukingo wa ghala, ugali na maharagwe.

"Hii nati nimefunga jana na mkono yangu," Makokha alisema hatimaye. "Nimefunga mpaka spana ikalia."

"Kwani imefunguliwa na panya?" akauliza mmoja wa wapakiaji.

"Panya ya miguu mbili," mwingine akamjibu, wakacheka.

Ndiema aliweka tonge lake chini. "Semeni jina. Msiseme panya."

"Ndiema," Makokha alisema bila kumtazama, "nani analala na hii mashine?"

"Mimi."

"Na nani alikuwa na ile nyekundu mwaka jana?"

"Mimi."

"Basi mimi sijasema kitu. Umejibu mwenyewe."

Afande alifuta midomo yake. "Ningekuwa bado kazini, huyu angekuwa ndani saa hii. Angekunywa chai ya serikali."

Mama Naliaka, ambaye alikuwa amekuja siku hiyo kuona kazi inavyokwenda, alisikiliza wote hadi mwisho. Kisha akaamua: Ndiema asilale tena chini ya mashine. Alale ghalani na mimi, mlango ufungwe, na mtoto mkubwa wa Afande alinde mashine na mbwa wao. Nati ikilegea tena, Ndiema aende kwao. Kesho yake, kabla jua halijafika kati, zililegea tena. Nilisema kwamba nililala naye ghalani na hakutoka. "Wewe Mtaita," wakaniambia, "ukilala hata ng'ombe ikipita juu yako husikii." Mwingine akasema bila shaka alizilegeza asubuhi akijifanya anaangalia oili ya trekta. Ndiema hakubishana. Alikunja blanketi lake, akaosha kikombe chake cha bati, akakifunika pamoja na vingine juu ya meza ya mpishi, akampa Mama Naliaka ufunguo wa trekta kwa mikono miwili. "Mama, mimi sijafungua," alimwambia. Mama Naliaka alipokea ufunguo. Wapakiaji walimpigia mluzi alipokuwa akitoka langoni, mluzi ule wa kuita mbwa. Kwa dereva kufukuzwa namna hiyo kulikuwa ni kumalizwa. Habari ingefika Kitale kabla yake, na hakuna mwenye trekta ambaye angemkabidhi tena ufunguo.

Siku iliyofuata mimi ndiye niliyewasha trekta, kwa maana kulisimamia likiwa limetulia hata mimi niliweza. Makokha alizikaza nati zote mbele ya watu, akaketi kando ya beringi juu ya lundo la magunzi na hakuondoka pale, hata chai yake ikapelekwa huko na kisahani chake. Kazi ilikwenda. Watu walianza kutazamana kwa namna ya kusema, mnaona? Kisha akaniashiria nishuke. Nilizunguka upande wake, upande usioonekana kutoka ghalani, nikamkuta ameshika nati kwa vidole viwili. Ilikuwa inazunguka kama kifuniko cha chupa.

"Mtaita, umeshika hii?"

"Sijaishika, Fundi."

"Najua hujashika. Mimi nimekaa hapa kama kuku kwa mayai."

Nilimtazama usoni, na hadi leo nauona uso ule vizuri kuliko nyuso za watu niliokutana nao juzi. Tulikuwa wawili tu. Spana ilikuwa mfukoni mwake. Kichwa chake cha chuma kilikuwa kinachungulia. Kuikaza nati ile kungechukua muda wa kukohoa, na baada ya hapo angeweza kuikaza kila chai, kila chakula, kimya kimya hadi msimu uishe, na jina lake la fundi lingebaki jeupe kama shati lake. Mkono ulikwenda mfukoni. Ulikaa humo. Kisha akatoa kitambaa badala ya spana, akafuta vidole, akaniambia, "Zima injini. Ita watu yote."

Wakaja. Afande alikuja na kiti chake. Mama Naliaka alikuja kutoka jikoni na unga mikononi. Makokha aliinua nati kwa kidole mbele yao ikacheza. "Ndiema ako kwao," alisema. "Nati imelegea. Sasa ile panya iko wapi?"

"Labda ako na mwenzake hapa," Afande alisema.

"Sawa. Basi tukae tumngojee huyo mwenzake."

Akazikaza tena. Halafu akachukua brashi nyembamba na ile rangi nyeupe iliyoandikia jina, akachora mstari ulioanza juu ya nati ukashuka hadi kwenye fremu, mmoja mnyoofu. Akatuamuru wote tusimame mbali kidogo mikono ikiwa nyuma, na Afande mwenyewe akaiweka yake nyuma kama anayekaguliwa. Nikawasha, wapakiaji wawili wakalisha mashine kwa zamu bila kuipumzisha. Kwa muda hakukuwa na kitu. Mavumbi yaliruka, watu wakaanza kupiga miayo. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta akasema polepole, "Si imekatika." Na kweli, mstari mweupe ulikuwa umevunjika mahali nati inapokutana na fremu. Nusu ya juu ilikuwa imesogea upana wa punje ya mchele. Tulisogea karibu. Hakuna mkono uliokuwa pale, na nati ilikuwa inatembea, taratibu, kwa namna kivuli kinavyotembea, huwezi kukiona kikienda ila unaona kimekwenda. Afande alipiga magoti kwenye mavumbi na suruali yake iliyopigwa pasi. "Mimi nimekamata watu mpaka nikastaafu," alisema. "Hii nitakamata nani?"

Mama Naliaka alikuwa ameshika mdomo. "Mulamwa," akasema, "tumefukuza mtoto wa watu bure."

"Ni mimi nilitaja yeye," Makokha alijibu. "Nitaenda kumrudisha. Mtaita atanisindikiza, isije nikapotea."

Tulipata lifti hadi Kitale, kisha pikapu ya maziwa hadi Endebess, kisha tukatembea. Makokha hakuwa amejua bado kwa nini nati zinalegea, na hilo lilimtafuna. Alitembea akiongea peke yake. Alisema mashine zote zinatikisika, na mitambo ya sukari ilitikisika kuliko hii, na nati zilikaa. Alisema bolti ni zilezile za mwaka jana. Alisema labda ni chuma kibaya, kisha akajikatalia mwenyewe. Kwenye mteremko mmoja tulimkuta mtu wa baiskeli aliyekuwa anatoka Suam na mikungu ya ndizi za Uganda. Mzigo ulikuwa umemwangukia barabarani, naye alikuwa anaikusanya huku akiwatukana wazazi wa ndizi. Alikuwa ameifunga kwa mpira, zile kamba za tyubu zilizochanwa ambazo kila mtu wa baiskeli huko anazo.

"Si nilifunga kwa nguvu," alilalamika. "Nilivuta mpaka nikasikia tumbo inauma."

"Chini uliweka nini?" Makokha akamuuliza.

"Majani ya migomba, bana. Ndizi zisichubuke."

Makokha aliinama akaokota yale majani. Yalikuwa yametoka asubuhi yakiwa manene na mabichi. Sasa yalikuwa yamenyauka na kubanwa hata yakawa membamba kama karatasi. Aliyashika mkononi kwa muda mrefu kupita kiasi, yule mtu akanitazama kana kwamba ananiuliza kama mzee wangu ni mzima. Kisha Makokha alisema neno moja kwa Kibukusu, akayakunja majani, akayatia kwenye mfuko wa shati lake jeupe, na utomvu ukalichafua wala hakuangalia. Tulimsaidia kufunga mzigo upya, safari hii ndizi juu ya chuma tupu, na tukaendelea kupanda.

Nyumba ya Ndiema ilikuwa juu, mahali ambapo hewa inanukia majani ya mlimani, nyumba ya udongo iliyosiribwa vizuri, ndani giza la kupendeza na moto. Mkewe alituona kwa mbali, akaingia ndani. Ndiema alitoka, akatukaribisha kwa heshima zote, akatuketisha, na hakuuliza kilichotuleta hadi tulipokunywa maziwa ya kibuyu na kula viazi vilivyochomwa majivuni. Hapo Makokha akaweka kibuyu chini.

"Ndiema, nati imelegea na wewe haukuwa. Tumeona na macho. Si wewe."

Ndiema alichochea moto. "Mimi nilikuwa najua si mimi. Hiyo haukuhitaji kupanda mlima kuniletea."

"Nimeleta ingine." Makokha alitoa yale majani mfukoni, akayaweka juu ya kiti cha miguu mitatu baina yao. Akaanza kueleza, na nilimsikia kwa mara ya kwanza akieleza bila kutaja kiwanda. Alisema watu wanafikiri bolti ni msumari, kazi yake ni kukaa kwenye tundu. Sivyo. Bolti ni mpira. Ukikaza nati unaivuta bolti, inarefuka kidogo sana, jicho haliwezi kuona, na ile hamu yake ya kurudi fupi ndiyo inayobana vyuma viwili visiteleze. Vyuma visipoteleza, nati haina habari, tikisa upendavyo. "Lakini mimi nimeweka majani katikati," alisema. "Nimepaka rangi chini ya beringi, nimepaka chini ya nati, mara tatu, na haijakauka vizuri. Nimekaza juu ya rangi. Mashine imefanya kazi, rangi imekonda, mpira imelegea. Sasa vyuma zinaanza kusugua, hii huku, ile kule. Na ile mistari ya bolti ni nini? Ni barabara ya kuzunguka mlima, kama hii ya kuja kwako. Nati imekaa kwa mteremko. Ikibanwa, imekaa. Ukitikisa udongo chini yake huku na huku, itafanya nini? Itateremka. Hakuna mtu anaisukuma. Na kila mara nikirudia kukaza, nakaza tena juu ya rangi." Alijigusa kifua kwa kidole. "Hakuna panya. Ni mimi na rangi yangu."

Mke wa Ndiema alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Ndiema aliyageuza majani kwa kidole, upande huu, upande ule.

"Hii ndio umefanya vizuri kuniletea," alisema. "Lakini umeniletea huku juu. Huku hakuna mtu alinipigia mluzi."

"Najua."

"Basi ukasemee kule."

Alirudi nasi. Makokha akasemea kule, uwanjani kwa Afande, mbele ya wapakiaji na wapepetaji na watu wa mashine nyekundu waliokuja kuchungulia. Hakufupisha. Alisema alimtaja mtu bila kujua, alisema rangi ni yake na wazo la kupaka ndani lilikuwa lake, na alisema majivuno yalimfanya atafute mkono wa mtu badala ya kutazama chini ya nati. Mmoja wa watu wa nyekundu alitaka kucheka. Afande alimtazama, akaacha. Kisha Ndiema akapewa ufunguo, naye akaupokea kwa mkono mmoja. Tulishinda siku nzima tukifungua beringi na kukwangua rangi kwa visu na vipande vya chupa hadi chuma kikang'aa, chuma juu ya chuma, nati juu ya chuma. Mama Naliaka hakuweza kutazama. "Mnamvua nguo bibi arusi," alisema, akaenda jikoni. Mvua ilinyesha jioni ile, sehemu ya mahindi ya Afande ikalowa, na hakumlaumu mtu yeyote kwa sauti.

Nimewaeleza watu jambo hili sehemu nyingi, na mara nyingi wanaamini zaidi washa za springi kuliko maneno yangu. Wanaongeza washa, wanakaza kwa bomba refu hadi bolti inakatika, kisha wanatafuta nani alipita hapo. Sibishani sana. Kuelewa nati si kazi ngumu. Kuitoa spana mfukoni au kuiacha humo, ukiwa umekaa peke yako upande usioonekana, hiyo ndiyo nimeiona ikiwashinda wenye vyeti na wasio navyo, na mimi mwenyewe sijui ningefanya nini kama shati jeupe lingekuwa langu.

Baada ya hapo kazi ilipata desturi mpya. Kila shamba, mashine ilianza kwa magunia machache tu, kisha ikazimwa, kwa kuwa Makokha alisema chuma kipya kikikutana na chuma lazima kikae kwanza, ndipo ukaze tena. Ndiema alichukua spana akaanzia upande wa mkanda, Makokha akaanzia upande wa pili, na wakati huo hakuna aliyeruhusiwa kuongea, ili wasikie. Wakulima walinung'unika mwanzoni. Baadaye nikawasikia wakisifiana: sisi tunapukuchulia ile ya bluu iliyokwaruzika, ile wanaume wawili wanaikagua kama daktari. Na beringi zilikaa.

Nilikaa nao hadi msimu wa Kitale ulipokuwa unakwisha. Mama Naliaka aliniambia nirudi nao Bungoma, chumba kipo, na mwakani nitafundishwa trekta. Hakuna mahali pengine nilipoombwa kubaki kwa upole kama ule. Lakini lori moja lilikuwa linakwenda Lodwar, dereva wake alihitaji mtu, na mimi nilikuwa sijawahi kuona jangwa. Makokha alinisikiliza akamaliza chai yake. "Nenda," alisema. "Wewe hata tukukaze namna gani utalegea." Ndiema alinifungia mfuko wangu kwa mpira.

Asubuhi niliyoondoka tulikuwa tumeingia shamba jipya nje ya Kitale, kwenye barabara ya kwenda kaskazini, na lori lilikuwa linaningoja barabarani. Walikuwa wamepukuchua magunia yao ya kwanza, wakazima. Nilichagua wakati huo kwa sababu ulikuwa kimya, nikidhani tungeagana vizuri, kumbe huo ndio wakati ambao hawakuwa na mikono. Makokha alikuwa amelala chali chini ya fremu, miguu tu nje. Ndiema alikuwa amepiga magoti upande wa mkanda, sikio lake karibu na chuma. Mama Naliaka alinipungia kwa kitambaa bila kutoa sauti, kwa kuogopa kuwaharibia. Nikatembea katikati ya mabua hadi barabarani nikiwasikia nyuma yangu, spana moja ikilia, kisha ya pili, kila moja ikikaribia mwenzake. Zikanyamaza. Kisha nikasikia sauti ya Makokha ikiuliza, "Yako?" na ya Ndiema ikijibu, "Imekaa. Yako?" Nilipanda lori kabla sijasikia jibu, na tulipokuwa tunaondoka mashine iliwaka.